Mume Wangu Alinigeuza Dada Yake

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitampa kwa ufupi. Niliwaacha kwenye chumba cha kufulia cha meli, nikikunja mashati ya mume wangu, mwanamke nisiyemjua akinishika mkono na kuniambia, "Pole, wifi. Kaka yako ameniambia kila kitu."

Mimi sina kaka. Kwetu tulizaliwa wasichana watupu.

Kaka aliyemsema ni mume wangu. Melini wote walimwita Mkaguzi, kwa sababu alistaafu ukaguzi wa shule, na mpaka leo akikaribishwa kwa mtu anaangalia dari kabla ya kutoa salamu. Mimi ni fundi cherehani. Sare walizovaa watoto aliokuwa akiwakagua, nyingi nilizishona mimi. Nimezaa naye, nimezika naye, nimeota mvi naye.

Na yule mwanamke alikuwa nesi mstaafu, kabini yake iko chini kabisa, karibu na injini. Alikuwa mchumba wa mume wangu.

Safari nzima Mkaguzi aliniaga jioni kwamba anakwenda kucheza drafti na wastaafu wenzake. Nami, mke mwema, nilimfungia karanga kwenye leso akale na hao wenzake. Kumbe karanga zilikuwa zinaliwa huko chini, na aliyezila akanishukuru kwa mdomo wake. "Zile karanga zako tamu, wifi."

Mume wangu alimwambia kwamba mke wake alishafariki. Mimi alinitambulisha kama dada yake mkubwa: sijaolewa, sijazaa, na nimerukwa na akili. Ndiyo maana analala kabini moja nami, ananilinda nisijitupe baharini. Na watu wa sitaha ya juu amewaambia mimi ni mkewe ili tu nisifadhaike.

Nilipopiga kelele kwamba mimi ni mke wake wa ndoa, Nesi hakukasirika. Alinipapasa bega kwa huruma.

"Ndiyo, wifi," akasema. "Alinieleza kwamba ndivyo unavyosema."

Hapo ndipo tulipoishia.

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba yeye angemwagia mtu maji ya moto. Mwingine ameniuliza kama kweli nina damu mwilini. Ninayo, ndugu zangu. Lakini jiwekeni mahali pangu. Ukishaitwa mwenda wazimu, kila neno la kweli unalotoa linakuwa shahidi wa kukuangamiza. Ukilia, wazimu. Ukinyamaza, wazimu umezidi. Ukitupa sahani, wanakuja kukushika.

Na kilichonikereketa zaidi ni kwamba Nesi hakuwa msichana. Angekuwa binti mwenye kiuno cha nyigu ningejua pa kumtukania. Alikuwa rika langu, miguu imevimba kama yangu, miwani imefungwa kwa uzi kama yangu. Mume wangu aliniacha akaenda kujichukulia mimi mwingine.

Basi nikaamua kukubali. Mnataka niwe dada? Nitakuwa dada. Nitakuwa wifi ambaye ukoo mzima utamsimulia.

Asubuhi yake meli ilitia nanga kwenye bandari ya mwisho, mji wa kale wa mawe na nondo za chuma kwenye madirisha. Mizigo ilishushwa, tukaambiwa tuna siku nzima ya kutembea kabla ya ndege ya kuturudisha nyumbani. Wenzetu walipanda basi kubwa. Mkaguzi hakutaka basi. Alikuwa amekodi gari dogo lenye dereva ambaye pia ni mtembeza wageni.

"Mimi na wewe tu, mama," akaniambia, akinifunga kifungo cha sweta. "Tutembee taratibu, mchana tupumzike pale mkahawani gatini."

Nikamwambia ahsante. Kisha nikatupa macho, nikamwona Nesi amesimama kwenye kivuli cha ghala, kofia imemfunika uso, akijifanya hatujui.

"Wifi," nikaita, kwa ile sauti ninayoitia wateja waliosahau nguo zao. "Mbona unajibanza huko? Njoo, gari lina nafasi." Nikageuka kwa mume wangu. "Kaka, msaidie mchumba wako mkoba."

Mkaguzi alikuwa anafungua mlango. Mkono ukabaki kwenye kitasa. Rangi ilimtoka usoni taratibu, kuanzia paji la uso hadi shingoni, kama kitambaa kibovu kinachochuja majini.

"Dada," akasema mwishowe, kama mtu anayeonja dawa chungu. "Umeamka salama?"

"Salama salimini, kaka. Sijawahi kuamka vizuri hivi."

Nesi alifurahi. Alinishika mkono, akanitazama machoni kama nesi anavyotazama, kisha akamwambia Mkaguzi kwa sauti ya chini, ingawa niliisikia, "Leo yuko vizuri sana. Si ulisema asubuhi ndiyo huwa mbaya?"

Mkaguzi akakohoa.

Tulianza na jumba la forodha. Jengo zee, lina ukumbi mrefu wenye nguzo za mawe, na kila nguzo imeliwa ubavuni na kamba za zamani. Mtembeza wageni alikuwa mnene mcheshi, akatuonyesha mahali pa mizani, mahali pa makarani, na nguzo moja iliyosimama peke yake katikati.

"Hapa alifungwa mwizi wa bandarini," akasema. "Watu wakipita wanamtazama kutwa nzima. Hapigwi, anatazamwa tu."

"Kaka," nikasema, "simama hapo nikupige picha."

"Haina haja."

"Simama, mpenzi," Nesi akamwambia, akicheka. "Mfurahishe dada yako."

Akasimama. Nilimwambia arudishe mikono nyuma, picha ipendeze. Akarudisha. Nilichukua muda wangu wote, nikasogea mbele, nikarudi nyuma, nikajifanya simu inanisumbua. Watalii wengine wakapita, wakamtazama. Picha hiyo ninayo, na siku mbaya huwa naifungua.

Kutoka hapo tukaenda kwenye ngome ya zamani, tukakaa juu ya mzinga mmoja wa vita kupumua. Nikamgeukia Nesi.

"Wifi, unajua huyu alikojoa kitandani mpaka anaanza kunyoa ndevu?"

"Hajaniambia."

"Atakwambiaje? Aliyeanika godoro ni mimi. Majirani wakiuliza, nasema limemwagikiwa uji."

Mtembeza wageni alijifanya anachungulia bahari, mabega yanamcheza.

"Dada," Mkaguzi akasema, "utani una mipaka."

"Utani gani tena? Marehemu mama aliniusia nisimfiche mchumba jambo lolote." Nikamsogelea Nesi. "Na ukimwona amekasirika, mpe kitu kitamu. Ananuna kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Kuna mwaka alinunia nyumba nzima kwa sababu ya kipapatio cha kuku."

Nesi alicheka mpaka akavua miwani. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka naye. Hilo la kipapatio lilikuwa kweli.

Mkaguzi alinivizia kwenye makumbusho ya mabaharia. Nesi alikuwa upande wa pili, anasoma habari za homa za zamani za melini. Mume wangu alinibana mkono juu ya kiwiko, katikati ya mafundo ya kamba yaliyotundikwa ukutani.

"Nani amekwambia?"

"Amenambia nini, kaka?"

"Acha hilo neno."

"Ni neno lako. Mimi nimelichukua tu, kama ninavyochukua kila kitu chako ulichokitupa chini."

Alinikazia macho. Nilitegemea aombe radhi. Hata radhi ya uongo ningeipokea, nikaikanyaga, lakini ningeipokea. Badala yake akanilegeza mkono, akanyoosha tai yake.

"Cheka mama, cheka," akasema. "Jioni utakuwa umetulia."

Nilidhani ni vitisho vya mwanaume aliyeshikwa. Sikumwelewa.

Sasa niwaambie jambo ambalo dunia nzima hailijui isipokuwa mimi. Mkaguzi anaogopa kimo. Haogopi kidogo, anaogopa kupindukia. Nyumba yetu haina ghorofa kwa sababu hiyo, ingawa watu anawaambia ni kwa ajili ya mgongo wangu. Shule zenye ghorofa alizikagua akiwa uwanjani, akiita walimu wakuu wateremke na daftari zao. Melini hakuwahi kukaribia kingo za sitaha.

Na mji ule una mnara wa taa.

"Wifi," nikasema tulipofika chini yake, "hutaki kuuona mji wote kwa mara moja?"

"Nataka."

"Mimi nitawasubiri hapa," Mkaguzi akasema haraka. "Nichunge mikoba."

Nesi akashangaa. "Wewe? Si uliniambia ulipanda mlima ule mrefu, mpaka kileleni, kwenye barafu?"

Nikamtazama mume wangu. Naye akanitazama. Mlima wenyewe alikuwa ameuona kwenye kalenda.

"Alipanda," nikasema. "Alirudi na vidole vimeganda. Mimi ndiye niliyevikanda kwa maji ya vuguvugu. Mnara huu kwake ni kama kupanda kitandani."

Akapanda.

Ngazi zilikuwa za mzunguko, nyembamba, ukuta unatoa jasho. Nesi alitangulia, Mkaguzi akamfuata, mimi nyuma, ili asipate pa kurudia. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Kila aliposimama nilimsukuma mgongoni kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayeingiza uzi kwenye sindano.

"Twende, kaka. Bado kidogo."

Kule juu kulikuwa na kibaraza chembamba cha kuzunguka taa na reli ya chuma. Upepo ulitupiga. Chini mapaa yalikuwa yamebanana, vichochoro vinapita katikati kama mishono, na meli yetu imelala gatini kama kiatu cheupe kilichovuliwa. Nesi alikuwa anaonyesha huku na huku, "Ile forodha, ile ngome." Mkaguzi hakuona kitu. Alikuwa ameganda na ukuta, macho amefumba, jasho linamtiririka kwenye mashavu.

"Sogea uone," nikamwambia.

"Siwezi."

"Sogea, mchumba wako anakutazama."

Akasogea. Hatua moja, ya pili, akashika reli. Kisha akafumbua macho, akatazama chini, na mwili ukamwelekea mbele.

Naungama hapa, kwa sababu niliahidi kuandika yote. Reli ilikuwa chini ya kiuno chake. Alikuwa ameinamia mbele. Kulikuwa na sekunde moja ambayo sikuhitaji kufanya kitu chochote, ningekaa tu na mikono yangu mfukoni. Na katika sekunde hiyo nilikaa. Nilikaa na mikono mfukoni, nikaona inapendeza.

"Mama Watoto," akalia mume wangu. "Mama Watoto, nishike. Naanguka, mke wangu, nishike."

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Miaka yote hiyo umezoea, hausubiri amri. Nikamshika ukosi, nikamvuta, akaniangukia miguuni, amenikumbatia magoti na uso ameuficha kwenye sketi yangu.

"Mama Watoto," akarudia. "Mama Watoto."

Nilipoinua uso, Nesi alikuwa ameacha kuonyesha mji.

Alikuwa amesimama upande wa pili wa kibaraza, kofia ameishika mkononi, upepo unampeperusha nywele, anatutazama. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akarudi kwake. Kisha akaja, akamshika Mkaguzi kwapa la upande wa pili, tukamteremsha pamoja kama gunia.

Mkahawani gatini tulikaa meza ya nje. Mkaguzi alivua koti lake, akalitundika kwenye kiti, akasema anakwenda kunawa uso. Alikuwa amepona kidogo, maana alimkemea mhudumu kwamba meza inayumba.

Tukabaki wawili.

"Wifi," Nesi akaanza. Akazungusha kikombe. "Wewe. Umezaa?"

"Watatu walio hai. Mmoja nilimzika angali mchanga."

"Alikuwa na alama nyeusi..."

"Nyuma ya sikio," nikamalizia. "La kushoto. Nilikuwa nikiibusu kila nikimnyonyesha."

Nesi alifumba macho.

"Alinihadithia huyo mtoto," akasema. "Alilia. Mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi maisha yangu yote, na hakuna mwanaume aliyewahi kunililia hivyo kwa ajili ya mtoto. Hapo ndipo nilipompenda. Alisema mkewe alikufa kwa huzuni mwaka uleule."

"Basi alinizika mimi kwanza," nikasema, "halafu akanifufua dada."

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimejiandaa siku nzima kumchukia. Lakini alikuwa anaufunga upya ule uzi wa miwani yake, kama ninavyoufunga wangu.

"Kuna jambo baya zaidi," akasema. "Sijui nilisemeje."

"Liseme lilivyo."

"Kuna watu wanakuja hapa. Wanakuja kukuchukua."

Niliweka kikombe changu mezani.

"Kuna nyumba nje kidogo ya mji huu, wanalea wagonjwa wa akili. Alisema nyumbani hakuna nzuri kama hiyo. Alisema ukiwa mbali hutaonewa aibu na majirani. Mimi ndiye niliyewapigia simu, kwa sababu najua kuzungumza nao. Mimi ndiye niliyewaeleza dalili zako." Akasukuma kikombe pembeni. "Nilidhani nakusaidia."

Ndipo nikaielewa ile jioni niliyoahidiwa kutulia. Sweta lilifungwa vifungo na mtu aliyekuwa anajua nitavuliwa na nani.

"Uliwaambia nini hasa?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa shwari, na ushwari huo ulinitisha mwenyewe.

"Kwamba tutakuwa ndugu watatu, watu wazima. Kwamba mgonjwa ukimtazama ni mstaarabu kabisa, anaongea vizuri. Kwamba anaamini amefunga ndoa na ndugu yake. Kwamba wakifika atakana, na atasema sisi wengine ndio waongo."

"Uliwaambia mgonjwa ni mwanamke?"

Akafikiri. Niliona wazo likipita usoni mwake kama kivuli cha ndege.

"Nilisema mgonjwa," akajibu polepole. "Nilisema tu mgonjwa." Akachukua simu yake. "Nawapigia sasa hivi niwazuie."

"Usiwapigie."

"Wifi..."

"Waache waje. Wamejiandaa, wametenga kitanda. Kwa nini warudi mikono mitupu?"

"Sijawahi," akasema, "kumpa mtu asiyeumwa dawa ya mgonjwa."

"Mimi ulitaka kunipa."

Aliiweka simu mezani, uso wake chini.

Walifika kabla Mkaguzi hajarudi vizuri mezani. Wanaume wawili, mashati yamepigwa pasi, viatu vya raba visivyo na kishindo. Mkubwa wao alikuwa na sauti laini ya mtu aliyezoea kuongea na waliokasirika. Mkaguzi aliwaona kutoka mlangoni, akatabasamu tabasamu lake la kufungua vikao, akaja na mkono umenyooshwa.

"Karibuni, karibuni sana."

"Nani aliyetupigia simu?" akauliza yule mkubwa.

"Mimi," akasema Nesi.

"Na mgonjwa wetu ni yupi?"

"Dada yangu huyu," Mkaguzi akasema, akinionyesha kwa kiganja, kama anavyoonyeshwa mgeni kiti. "Msishtuke. Atawaambia mimi ni mume wake."

Yule mkubwa akanigeukia. "Shikamoo, mama. Huyu ndugu ni nani wako?"

Nilinyoosha sketi yangu. Sikuwa na haraka.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mdogo wangu. Mimi ni dada yake." Nikapunguza sauti. "Alikuwa mtu mzuri sana. Hali hii ilimwanza mke wake alipofariki. Hakukubali kwamba amekufa. Sasa kila mara ananiona mimi ni yeye."

Mkaguzi alicheka. Kile kicheko kilianza vizuri kikaharibikia njiani.

"Anadanganya. Yeye ndiye anayedai ni mke wangu."

"Hajadai, mzee," akasema yule mdogo kwa adabu. "Amesema ni dada yako."

"Leo. Leo ndiyo amesema ni dada yangu, kwa hila. Sikilizeni." Alianza kuhema. "Huyu si dada yangu. Mimi sina dada. Huyu ni mke wangu, nimemuoa, ana watoto wangu, muulizeni."

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe.

Wale wanaume walitazamana. Kisha yule mkubwa akamtazama Nesi, aliyepiga simu, na mimi nikamtazama, na Mkaguzi akamtazama.

"Mpenzi," Mkaguzi akasema. "Waambie."

Nesi aliinua uso, akamwangalia. Mimi moyo ulikuwa unapiga kama cherehani lililokatika mkanda. Alikuwa na haki ya kuniangusha, maana alikuwa anampenda, na mapenzi hayaishi kwa kupanda mnara mmoja.

"Ndizo dalili nilizowaeleza," akasema. "Zote."

Hawakumkokota, hapana. Walimshika viwiko kwa heshima, mmoja huku, mmoja huku. Alipoona hawatanii akaanza hotuba.

"Mnajua mimi ni nani? Mimi ni mkaguzi. Nimefunga shule mimi."

"Ndiyo, mzee. Utatukagua hukohuko."

"Mama Watoto, waambie."

"Nenda ukapumzike, kaka," nikamwambia. "Nitakuletea karanga."

Gari lao lilikuwa jeupe, safi, halina hata king'ora. Aligeuka mara moja dirishani. Wapo wanawake ambao hapo wangelia. Mimi niliagiza chai nyingine.

"Daktari atampima kesho," Nesi akasema. "Akimwona mzima watamwachia. Haitazidi hapo."

"Kesho ni mbali," nikasema. "Usiku wa leo unatosha kuanzia."

Tulikaa, wake wawili wa mtu mmoja, bahari inapiga gati. Nilihisi utamu, sitawaficha. Nilihisi kama siku niliyomaliza kushona gauni langu la kwanza, likanikaa.

Ndipo simu ikalia. Haikuwa yake wala yangu. Ilikuwa ndani ya koti la Mkaguzi, pale kwenye mgongo wa kiti, hakukumbuka kulichukua.

Niliitoa. Kwenye kioo palikuwa na sura ya binti yangu wa mwisho. Huyu ndiye aliyenifungia sanduku la safari kwa mikono yake, akakunja kila nguo, akaniambia, "Nenda, mama, umechoka, nenda kapumzike." Machozi yakanilenga. Nilimhitaji mtu wangu kuliko hewa.

Nikapokea, nikakosa pa kuanzia. Nikavuta pumzi tu.

"Baba," akasema binti yangu, haraka, kama mtu aliyejificha chumbani. "Baba, vipi huko? Shangazi wameshamchukua?"

Hana shangazi aliyesafiri nasi. Nilirudia neno hilo kichwani mpaka likakataa kuwa neno.

Nesi alikuwa ameinama karibu na bega langu, sikio kwenye simu. Nilimwona akikauka.

"Hiyo sauti," akaninong'oneza. "Ndiyo iliyonipigia kuniapia kwamba una wazimu. Nisingemwamini baba yake peke yake."

"Baba?" akaita mwanangu. "Mbona husemi? Sema kwa sauti. Ndugu zangu wote wawili wako hapa, wanataka kusikia kama alisumbua."